Mkono wa Wandera

Jumatano, Busia

…na leo nimeipata, ile kordi ya huzuni wanayoiita maina, iliyonitoa jasho wiki nzima. Mume wangu Wandera alikaa kando ya kinanda, mkono wa kulia umelala pajani tangu apatwe na kiharusi.

"La, do, mi. Sasa itoe la ya chini, iweke juu."

Do, mi, la. Nikakosea, akafoka. Nikarudia, nikapanda mpaka mi, la, do bila kusita. Nikamgeukia nikicheka.

Yeye hakucheka. "Basi Jumapili utapiga wewe. Kanisani hawanihitaji tena, Mama Nekesa."

Nilitaka kumwambia atapona. Lakini daktari wa Tororo alishanieleza, mimi peke yangu, kwamba mkono ule hautafanya kazi tena.

Nikafunika kinanda, nikaenda kupika.