Mkanda wa Kuni na Karatasi Zako Mbili

Sagalla, juu ya Voi,
10 Juni 1924

Mpendwa kaka Silvanus,

Salamu zangu zikufikie hapo Nairobi, wewe na wifi yangu Elsie na mtoto. Hamjambo? Kile kikohozi ulichorudi nacho vitani kimepungua, au bado kinakuamsha alfajiri? Na mtoto ameshaota meno? Sisi huku ni wazima. Baba goti linamsumbua asubuhi, Mama hana neno, na mimi mwili wangu una nguvu kuliko ulivyouacha. Tatizo ni kwamba hakuna mtu hapa nyumbani anayeliamini hilo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Mvua ya masika ilinyesha siku sita tu. Mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti, tunakula kunde na mihogo mara moja kwa siku. Wanawake wanateremka kufuata maji bondeni asubuhi na kurudi jua likiwa utosini.

Obadiah bado yuko kazini stesheni ya Voi na ndiye atakayeitia barua hii kwenye treni. Amenenepa. Anasema ni chakula cha reli.

Sasa nije kwenye zile karatasi zako mbili za mazoezi ya mwili. Uliniagiza nikuambie bila kukuficha kama zina thamani, kwa kuwa unataka kuwafundishia makuruti wako wa polisi. Unajua kwamba mimi sikuzitaka kwa ajili ya gwaride. Bibi Susan wa misheni alipopita mwezi wa Februari alisema kazi ya kufundisha wasichana kusoma ni yangu, na chumba pale misheni ni changu, ila kwa sharti moja: niweze kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kupanda punda na kushuka, bila mtu kunibeba. Alisema kwa upole kwamba hawana mtu wa kunibeba pale. Atarudi kuniangalia Jumatatu tarehe thelathini ya mwezi huu. Miguu yangu unaijua. Wa kushoto unasimama kidogo nikishika kitu, na wa kulia tangu ile homa ya utotoni hauna kazi. Kwa hiyo lililobaki ni mikono.

Karatasi ya kwanza, ile ya kujisukuma kutoka chini, ina ukweli ndani yake lakini iliandikwa na mtu mwenye haraka. Inamwanzisha mtu na kumi. Mimi nilianza na sifuri. Wiki ya kwanza niliinua kifua tu nikiwa nimeegemea viwiko, tena nilidondoka kidevu kikagonga sakafu. Inaahidi arobaini baada ya wiki sita. Wiki ya sita nilikuwa na kumi na moja. Lakini katika hizo kumi na moja nilijikuta siku moja ninatoka mkekani, ninakaza mikono chini, na ninakaa juu ya kigoda, peke yangu, nyumba ikiwa tupu. Nilikaa pale muda mrefu nikiangalia mlango. Hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Waandikie makuruti wako kwamba anayeanza chini ya kumi si mvivu. Na uwaulize wanakula mara ngapi. Karatasi haikuuliza.

Karatasi ya pili, ile ya kujivuta juu, ina kosa kubwa zaidi. Inasema asiyeweza kujivuta hata mara moja arudi kwenye kujisukuma mpaka apate nguvu. Nilitii mwezi mzima. Kisha nikashika mti juu ya kichwa changu na nikaning'inia kama gunia la chumvi, sikupanda hata upana wa kidole. Kusukuma hakumfundishi mtu kuvuta. Nililazimika kutafuta njia yangu mwenyewe. Nilipindua kinu, nikajiinua juu yake kwa mikono na mguu wa kushoto mpaka kidevu kikawa juu ya viganja, kisha nikajishusha polepole nikihesabu hadi kumi. Kushuka tu, sikujaribu kupanda. Siku ya kumi na tano ya kushuka, nilipanda. Ongeza hilo kwenye karatasi yako, kaka, na ufute lile la kurudi nyuma.

Futa pia lile neno la kufanya kila siku. Mimi Jumapili sifanyi kwa sababu ni Jumapili, na kila Jumatatu nilikuwa na nguvu kuliko Jumamosi.

Mwisho wa Mei nilikuwa ninajivuta mara nne. Kupanda punda kunataka, nadhani, tano au sita, maana tandiko linateleza na punda hasubiri.

Sasa nitakueleza yaliyotokea.

Boriti ya dari letu, lile tunalowekea kuni na mahindi, ni nene na imepakwa masizi ya miaka mingi. Kiganja changu hakiizunguki. Kwa hiyo nilichukua ule mkanda wa ngozi ambao Mama hubebea kuni, unaopita kwenye paji la uso, nikaupitisha juu ya boriti na kuufunga, ukaning'inia kama kitanzi kikubwa mbele yangu. Huo ndio nilioushika. Kila mara nilikuwa ninaufungua na kuurudisha msumarini kabla Mama hajarudi na maji.

Siku kumi na mbili zilizopita mtungi wa Mama ulivunjika njiani, akarudi mapema. Alifungua mlango akitoka juani, macho hayajazoea giza. Aliniona nimening'inia kwenye boriti, miguu haigusi chini, mkanda wake wa kuni uko usoni pangu, kinu kimelala ubavu chini yangu.

Sitaandika jinsi alivyopiga kelele. Alinishika miguu akainua, na mimi nilikuwa katika ile ya tatu, kwa hiyo sikuweza kusema, na kunyamaza kwangu ndiko kulikomaliza mambo. Walikuja majirani wote. Nilipopata pumzi nilisema, “Mama, nilikuwa najivuta.” Shangazi Wakesho alikuwa amefika, akasema, “Unajivuta unakwenda wapi? Huko darini kuna shule?” Mtu mmoja mlangoni alicheka kisha akajiziba mdomo.

Nikatoa karatasi yako. Nikawasomea. Unajua kaka, mimi ndiye ninayesoma kila karatasi inayoingia nyumba hii, barua zako, risiti za kodi, Injili. Kwa mara ya kwanza niliwaona wakinitazama mdomo, hawatazami karatasi. Mama alisema polepole, “Silvanus ameandika ujitundike?” Nikasema ndiyo, maana ni kweli, ila si hivyo.

Na maneno yangu ya nyuma yote yamegeuka kuwa ushahidi. Mwezi wa Aprili niliacha chakula nusu kwa sababu mikono ilikuwa inauma, nikasema nimechoka kukaa ndani ya nyumba hii. Wanalikumbuka sasa. Kwamba ninapenda kuwa peke yangu, wanalikumbuka. Kwamba nilikuwa ninafurahi wakitoka. Hilo nalo ni kweli.

Mkanda umefichwa sijui wapi, na Mama anabeba kuni kwa kamba ya katani inayomkata paji la uso. Mimi nimehamishiwa nyumba ya Shangazi, ambayo haina dari. Kisu hakikai humo, wala kamba. Shangazi haendi shambani, kazi yake ni mimi. Wananipenda, kaka. Ningejua la kufanya kama wasingenipenda. Kila mmoja anaingia na sauti ya chini na kunipa kitu cha kula, hata mimi naanza kusema kwa sauti ya chini.

Baba hakunigombeza. Alikaa kizingitini akiwa amenipa mgongo, ule mgongo ulionipeleka shuleni miaka sita, mvua na jua. Akasema, “Nimekuwa mzee lini, hata mwanangu ajifundishe kutobebwa na mimi?” Nilitaka kumwambia kwamba goti lake nalisikia likilia kila hatua tangu nikiwa darasa la tatu, na kwamba mtu aliyebebwa husikia zaidi ya anayebeba.

Kisha akaniambia nikuandikie wewe, nikuulize kama kweli ulileta mafunzo haya. Nikachukua kalamu. Nilipofika kwenye jina lako akanizuia mkono. “Wewe ndiye unayeandika,” akasema, “na jibu likija wewe ndiye utakayelisoma. Nitajuaje?” Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli, na mimi nikaona kwamba hana njia ya kujua. Ukiniandikia utetezi mzuri kuliko wote duniani, utatoka mdomoni mwangu.

Nimefikiri siku nyingi na hii ndiyo njia ninayoiona. Usiniandikie mimi. Mwandikie Baba, na juu ya bahasha uweke jina la mwalimu Elijah wa kanisani, ili yeye ndiye aifungue na kuisoma mbele ya Baba na Mama mimi nikiwa sipo. Na ndani yake uweke jambo moja mnalolijua wewe na Baba tu, ambalo mimi sijawahi kuambiwa. Liko lolote. Najua liko, maana mkikaa wawili mnanyamaza nikija. Usinitajie katika barua nyingine. Halafu mweleze ulivyowafundisha makuruti kuning'inia kwenye mti, na ulipanda mara ngapi wewe mwenyewe, na kwamba mikono ndiyo hushika. Lakini usiseme kwamba nina furaha hapa. Atajua ni uongo, na ataacha kuamini mengine.

Ukiitia kwenye treni Ijumaa, Obadiah ataipokea Jumamosi na kuipandisha mlimani Jumapili. Nitakuwa na wiki mbili. Mikono inasahau upesi, nimeona baada ya siku kumi na mbili tu. Juzi nilijaribu kushika mti wa juu ya mlango wa Shangazi nikajua kwamba nne zile sasa ni mbili.

Ndiyo maana hukumu yangu juu ya karatasi zako imebadilika, na hili nilitaka ulijue kabla hujawafundisha watu. Ningekuandikia mwezi uliopita, ningesema kujivuta ndiko kwenye thamani, kwa kuwa ndiko kunakompandisha mtu, na kujisukuma ni kazi ya kuchosha kifua. Lakini kujivuta kunataka boriti, na boriti ina mwenyewe. Kujisukuma hakuombi kitu kwa mtu. Mkanda wamefaulu kunifichia, dari wamefaulu kuniondolea, lakini sakafu iko palepale nilipo.

Shangazi huenda kuomba maji kwa jirani, si muda mrefu, na hapo ndipo ninapofanya. Jana alirudi upesi akanikuta chini. Nilidhani atapiga kelele. Aliweka kata yake, akaegemea nguzo akanitazama.

“Hiyo ya ngapi?”

“Kumi na nne.”

“Na huyo Silvanus wako anataka ngapi leo?”

“Ishirini.”

“Basi maliza tuchambue kunde.”

Nikamaliza, huku akinitazama mikono muda wote. Kisha nikamwomba mkanda. Akasema mkanda si wake, ni wa mama yangu, na kwamba yeye hakuona siku ile alichokiona mama yangu. Tukachambua kunde. Hakumwambia mtu, mpaka leo.

Nisalimie sana wifi Elsie, mwambie kitambaa alichoniletea bado sijakishona. Mbusu mtoto. Nisalimie na Crispus wa Marungu mliyeishi naye kambini, ukimwona. Baba, Mama, Shangazi na Obadiah wanakusalimu, ingawa wawili wa kwanza hawajui kwamba ninaandika. Mungu akulinde na kikohozi hicho, na aitunze bahasha yako njiani kutoka Nairobi hadi hapa.

Ukiona herufi zimetetemeka hapa mwishoni, usidhani nalia. Nimetoka sakafuni sasa hivi. Ni ishirini na mbili. Mwandikie Baba na hilo.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Dinah