Mtungi wa Mama Obonyo

Usenge,
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa mjukuu wangu Adongo,

Hujambo huko Ujerumani kwenye baridi? Unakula, ama bado unaishi kwa chai? Mimi niko. Goti linauma lakini kanisani linanifikisha. Mama yako Winny ni mzima, anaanika dagaa wa omena.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, polepole. Usifikiri nilisomewa.

Hiyo kutu ya madini unayojifunza huko chuoni nimeielewa kuliko unavyodhani. Unaipaka juu ya kioo, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, ili inuse gesi mbaya. Ukizidisha moto, zile chembe ndogo zinashikana na kunenepa, vitundu vinazibika, utando unapasuka na kubanduka. Hiyo ndiyo mnaita elimu mpya? Sisi tulichoma vyungu.

Mama mkwe wangu ndiye alinifundisha kupaka mtungi udongo mwekundu hadi ndani ya mdomo, kuusugua kwa jiwe la ziwani hadi ung'ae, kisha kuupasha kidogo kidogo kabla ya kuufunika kwa nyasi na mavi makavu ya ng'ombe. Mpaka leo nikinusa moshi huo namwona, mikono myekundu hadi viwikoni, akinifokea, "Una haraka ya kwenda wapi? Ziwa linahama?" Siku hizi kila nyumba ina mapipa ya plastiki. Pale tulipochomea wamejenga duka la simu.

Sasa sikiliza. Unataka kuficha vioo sita vilivyobanduka, uwapelekee walimu wako vile vizuri tu, upate cheti. Wewe huna aibu? Mimi nilifanya hivyo. Mwaka nilioolewa nilizidisha moto, rangi ya mtungi mmoja ikafifia, ikawa haishiki. Nikaupaka mafuta ya simsim ukang'aa, nikampa jirani yetu, Mama Obonyo. Siku ya wageni wake maji yalitoka mekundu. Hakunigombeza. Ila hakuchukua chungu kwangu tena hadi tulipomzika.

Na yule alikunywa tope tu. Kitu chako kikikosa kunusa gesi, watu watakufa jikoni kwao.

Andika kwamba vioo sita vilibanduka, na moto ulikuwa kiasi gani. Wakikunyima cheti, rudi. Nitakuja Kisumu kukupokea mwenyewe, na atakayeuliza kwa nini umerudi mikono mitupu, nitamjibu mimi.

Shangazi yako Rachael na Mzee Ooko wanakusalimu. Mungu akutulize mkono unapoandika.

Ni mimi nyanya yako, nikupendaye hata nikifoka,
Jacinta