Shemeji Yuko Njiani

Shoga, ushauri wako umeniponza!

Nimefika kwa yule muuza magari, nimefungua boneti, nimeuliza limetembea kilomita ngapi. Jamaa ananiangalia tu. "Dada, shemeji yuko wapi?"

Shemeji gani, na talaka yangu ina miaka sita?

Nikasema ulivyonifundisha: "Yuko njiani."

Wee! Bei ikashuka hapohapo, hata sijabembeleza.

Halafu akavuta viti vitatu. VITATU! "Basi tumsubiri, aje aliendeshe kidogo."

Nikakaa. Saa nzima, kiti cha katikati kitupu.

Geti likifunguliwa, muuzaji anageuka.

Na mimi nageuka, shoga. Mume nimemtunga mwenyewe, na nilikuwa namngoja kweli.