Chumvi ya Kisima cha Uani

Jumatatu, 14 Julai
Nimechemsha tena lita moja ya maji ya kisima chetu. Sufuria ileile, jiko lilelile, mpaka yakauke. Nimekwangua chumvi kwa kijiko, nikaikimbiza ikiwa moto kwa sonara wa kona, maana mizani yake ya dhahabu inasikia hata unyoya. Bibi analalamika nimegeuza jiko lake maabara.

Mada ya Jiografia: madhara ya maendeleo yasiyo endelevu. Wenzangu wamechagua misitu ambayo hawajawahi kuiona. Mimi nimechagua uani kwetu. Maji yalikuwa matamu mpaka ghorofa la Mama Kimaro liliposimama jirani na pampu yake ikaanza kunyonya ardhini kutwa nzima, maji ya bahari yakafuata. Sasa sabuni haitoi povu.

Mwalimu Sanga hakubali. Kariakoo ni pwani, anasema, visima vyake vina chumvi tangu zamani. Nilete ushahidi Ijumaa ya wiki ijayo au nibadilishe mada. Nimechukia. Zaidi kwa sababu ana haki ya kuuliza.

Jumatano, 16 Julai
Ushahidi ni mmoja tu: pampu ipumzike, chumvi ipungue. Nimekwenda dukani kwa Mama Kimaro, kati ya marobota ya vitenge. Nimeomba siku saba, wapangaji wake watumie maji ya bomba.

Amecheka mpaka wateja wakageuka.

"Na isipopungua, mwanangu?"

"Nitadeki ngazi zako, mama. Ghorofa zote kumi."

"Haya. Ila ndoo uje na yako."

Pampu imezimwa saa kumi jioni. Uani kumekuwa kimya hata Bibi akanyanyua kichwa.

Jumatatu, 21 Julai
Imepanda. Chumvi niliyochemsha jana ni nzito kuliko ya wiki iliyopita. Siku tano pampu imelala, na imepanda! Mwalimu yuko sahihi. Mimi mjinga. Mama Kimaro ameniona nikipita, akaninyanyulia fagio. Duka zima limecheka. Sikula.

Jumanne, 22 Julai
Nilirudi kwa sonara kuchukua karatasi niliyofungia chumvi ya Jumapili. Aliigusa chumvi, akanitazama juu ya miwani.

"Binti, dhahabu yangu haitoki jasho. Hii yako imelowa."

Nikakaa kwenye ngazi yake nikacheka peke yangu. Za mwanzo nilizipeleka moto kutoka jikoni. Ya Jumapili niliiacha wazi dirishani mpaka asubuhi, ikanywa unyevu. Nilipima hewa ya Dar. Kosa ni langu, si la kisima.

Jumatano, 23 Julai
Siku ya saba. Nimechemsha lita moja ya maji mapya. Mama Kimaro amekuja mwenyewe kuona kwa macho yake, akakaa kwenye kigoda cha Bibi. Ile chumvi ya kabla pampu haijazimwa nimeikausha upya, sawa na ya leo. Tumekwenda kwa sonara wote watatu, Bibi naye. Sahani moja ya zamani, sahani nyingine ya leo.

Ya leo ikapaa. Ikabaki juu.

Nimepiga kelele mtaani. Mimi, nisiyejibu hata darasani mpaka niitwe. Nilikuwa sahihi. Nilikuwa sahihi!

Mlangoni kwake Mama Kimaro akanigeukia. "Wewe mtoto ni hatari." Kisha akamwita msimamizi wa ghorofa mbele yangu: kuanzia leo, pampu siku mbili tu kwa wiki.

Ijumaa, 25 Julai
Mwalimu Sanga amesoma kazi yangu darasani kwa sauti. Alirudia mara mbili ukurasa wa chumvi iliyolowa. Nilidhani ananiaibisha. Akasema huo ndio ukurasa uliomfanya aamini kurasa nyingine zote. Wiki ijayo darasa zima linakuja kupima kwetu. Bibi ameshaanza kuficha sufuria.

Jumapili, 27 Julai
Bibi amefua khanga zake uani. Hakwenda bombani. Ameteka kisimani. Nimekaa mlangoni nikitazama mikono yake. Povu dogo, jembamba. Alilikusanya kiganjani, akaliangalia kidogo, akaendelea kufua.