Aliyelilia Kinanda

Aberdeen, 15 Novemba 1976

Mdogo wangu Lionel,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, ukiacha kikohozi ambacho nimekizoea sasa kama mpangaji mwenzangu. Wewe je, hujambo huko London? Unakula? Mama Mdogo Winnie ameniambia kwenye simu kwamba wewe ni chipsi asubuhi, chipsi jioni, nikamwahidi nitakugombeza. Haya, nimekugombeza. Sasa tuje kwenye mambo ya maana.

Nimeshuka kutoka mtamboni, kule baharini tunakochimba mafuta, Alhamisi, nina wiki mbili za nchi kavu. Jana saa kumi kamili niliweka sindano juu ya sahani ya santuri kama tulivyokubaliana, na naamini nawe uliweka. Wewe kwako, mimi kwangu, sahani moja, na hakuna kusema neno mpaka upande uishe. Bi Geddes, mwenye nyumba wangu, aligonga kuniuliza kama nataka supu. Nikaweka kidole mdomoni mwangu. Alidhani nasali, akarudi kwa kunyata, na mimi sikumsahihisha.

Barua yako iliyopita imenichefua. Ati Thornfallow walikufa siku ile Aubrey Stanforth alipoacha kinanda akaenda Wales kufuga kondoo! Bendi si mtu mmoja, bwana. Sikiliza tena yule mpiga ngoma, anavyohesabu saba mkono huu na nne mkono ule, halafu wanakutana mwishoni kama watu waliopeana miadi. Nani mwingine Uingereza hii anaweza? Hao vijana wako wa bendi mpya waliojitoboa masikio kwa pini wanajua hata kuhesabu mpaka saba? Kijana mpya wa kinanda mpeni muda. Nami naapa atakomaa.

Nijibu upesi. Mtamboni wenzangu hawazungumzi ila mpira na farasi, na barua zako ndizo mazungumzo yangu.

Ni mimi kaka yako,
Alwyn


London, 29 Novemba 1976

Kaka Alwyn,

Shikamoo kaka. Nimefurahi kusikia u mzima, pole kwa kikohozi. Mimi sijambo. Chipsi nimepunguza, mwambie mama. Sasa nakula mkate wa kukaanga, sijui kama hilo litamfurahisha.

Kaka, kwa heshima zote, masikio yako yamejaa grisi. Yule kijana mpya anapiga kinanda kama mtu anayepapasa swichi gizani. Nilisikiliza saa kumi kama wewe, sikusema neno, lakini nilisonya. Je, kusonya ni neno?

Hebu kumbuka ile siku kwenu Dudley, sebuleni kwa mama yako, Mama Mkubwa Edith, wiki moja baada ya kumzika. Kanisani hukutoa chozi, wajomba wakanong'ona kwamba una moyo wa chuma. Halafu tukaweka sahani yao ya “Kinu cha Mvua”, na kile kinanda cha Stanforth kilipoingia peke yake, ukakaa sakafuni ukalia mpaka nikaogopa. Sijamwambia mtu, kaka, na sitamwambia. Lakini niambie kweli, yule mvulana wao angeweza kukutoa chozi lile? Ndiyo maana nasema bila Stanforth hakuna bendi.

Habari nyingine: nimepeleka makala kwenye lile gazeti la muziki, *Mzunguko*. Niombee.

Mdogo wako,
Lionel


Aberdeen, 7 Machi 1977

Mdogo wangu,

Salamu zangu zikukute na afya na furaha, maana furaha unayo, mwandishi! Mama Mdogo alinipigia simu akipiga kelele utadhani umechaguliwa kuwa waziri. *Mzunguko* wenyewe! Hongera sana. Nimewaambia wote mtamboni, mpaka mpishi.

Kuhusu ile siku ya Dudley, umenishinda. Nakiri, yule kijana asingeweza. Lakini nimekubali kwa jambo hilo moja tu, usianze kuvimba kichwa.

Nimechora kinu chao kwenye kofia yangu ya kazi, rangi ya njano, kama kile cha kwenye jalada la sahani. Msimamizi alitikisa kichwa akaniacha. Sahani yao mpya inatoka mwezi ujao na nimesikia wewe ndiye utakayeiandikia makala. Iandike kwa haki. Ikiwa mbaya, sema mbaya, sitanuna. Ila tuisikilize kwanza Jumapili, pamoja, kama kawaida yetu.

Kaka yako anayejivuna,
Alwyn


London, 25 Aprili 1977

Kaka,

Shikamoo. Naandika mbiombio, kazi zimenibana. Natumaini u mzima.

Unisamehe, sahani mpya nimeshaisikia. Waliiweka ofisini, watu sita, wote wakipiga soga na kuvuta sigara, nisingeweza kuwaambia wangoje Jumapili. Wangenicheka. Hapa mtu akitaja wimbo wa dakika ishirini anaulizwa kama amekuja na mto wa kulalia. Makala itatoka mwezi ujao. Usinune, ee? Ni gazeti tu.

Mdogo wako,
Lionel


Aberdeen, 23 Mei 1977

Lionel,

Salamu. Mwili wangu ni mzima.

Gazeti lenu hutufikia baharini kwa helikopta, pamoja na barua na maziwa. Magnus Isbister, mwendesha kreni, ndiye hutusomea wakati wa chakula kwa sababu ana sauti nzuri. Alipolifungua mimi ndiye niliyesimama nikasema, “Nyamazeni jamani, huyo ni mdogo wangu, mtoto wa mama yangu mdogo, msikilizeni mwandishi!” Watu thelathini wakaweka vijiko chini. Mpishi akatoka jikoni anafuta mikono.

Wakacheka mwanzoni, na mimi nikacheka, maana unajua kuandika, sikukatalii. Halafu akafika hapa: “Ukitaka kujua bendi hii imebaki kuwa ya nani, ni ya jamaa mmoja ninayemfahamu, mtu mzima mwenye ndevu, mfanyakazi wa mafuta, aliyechora kinu kwenye kofia yake ya kazi. Mama yake alipozikwa hakutoa chozi. Wiki moja baadaye alikaa sakafuni akalilia kinanda. Hao ndio wapenzi wa Thornfallow: watu ambao hawawezi kulia mpaka mashine iwaruhusu.”

Magnus aliliteremsha gazeti. Kofia yangu ilikuwa imetundikwa nyuma yake, kinu chake njano kama jua. Mtu mmoja akaiangalia, halafu wa pili, halafu chumba kizima kikanigeukia. Nani alianza kucheka sijui, lakini walicheka.

Sasa nikipita wananiimbia kinanda kwa pua. “Alwyn, leo kafa nani? Gitaa?” Asubuhi moja nilikuta kitambaa cha machozi kimefungwa kwenye spana zangu. Magnus peke yake alinifuata akasema, “Nisamehe, ningejua nisingesoma.” Mtu baki ameniomba radhi kabla yako.

Ulisema hujamwambia mtu na hutamwambia. Nataka unieleze.

Alwyn


London, 3 Juni 1977

Kaka Alwyn,

Shikamoo. Sijui kama utaniitikia. Natumaini kikohozi kimepoa. Huku wametundika bendera kila mtaa kwa sherehe za malkia, mama amekaanga soseji za watu hamsini, na mimi sina hamu ya kula.

Kaka, sikukutaja jina. Nilidhani nani atajua? London nzima ina wenye ndevu. Lile la kofia nililitia mwishoni kwa sababu lilipendeza, sikufikiri kwamba wenzako wanasoma *Mzunguko*. Mhariri alinirudishia makala mara mbili, akasema, “Ni hoja tupu hii, haina mtu ndani. Tia mtu.” Nilikaa mezani nikatafuta mtu, na mtu ninayemjua ni wewe. Ningekosa ile nafasi wangempa mwingine, na huyo angewaponda vibaya zaidi.

Na wewe mwenyewe uliniambia, ikiwa mbaya sema mbaya. Sahani ni mbovu, kaka. Isikilize bila mapenzi uone.

Nisamehe. Kweli nimekosa.

Mdogo wako,
Lionel


Aberdeen, 20 Juni 1977

Lionel,

Marahaba. Mimi ni mzima. Natumaini soseji za Mama Mdogo ziliisha.

Nimeisikiliza sahani bila mapenzi, kama ulivyosema. Ni mbovu. Upande wa kwanza una dakika nne za kusikilizika, na upande wa pili wote ni mbwembwe. Mpiga ngoma amechoka, kijana wa kinanda hakukomaa na hatakomaa, na mwimbaji anahubiri. Yote uliyoyaandika juu ya muziki ni kweli, na ungeniuliza ningekuongezea mengine makali kuliko yako. Ningecheka na mtambo mzima. Kwa hiyo usiniambie kwamba tumegombana kwa ajili ya bendi. Kwa upande wa bendi huna kosa.

Umesema ulitafuta mtu ukaniona mimi. Basi nikueleze ulichokiona. Ile siku Dudley ulinishika mabega ukasema, “Mlilie kaka, mlilie.” Uliona vizuri kabisa kwamba namlilia mama yangu, ambaye alitupikia miaka yote wewe na mimi kwenye sufuria moja. Kinanda kilinifungulia mlango tu. Ukaenda ukaandika kwamba nilililia kinanda, kwa sababu hivyo ndivyo inavyochekesha. Kunitoboa siri ni jambo moja. Kumwondoa mama kwenye machozi yake mwenyewe, ukaweka mashine pale alipokuwa, hilo sijui hata niliite nini. Wajomba waliposema nina moyo wa chuma nilijua kuna mtu mmoja duniani anayejua si kweli. Mtu huyo amewaambia watu wote kwamba ni kweli.

Inaniuma, Lionel. Naandika waziwazi ili usije ukasema hukuelewa. Inaniuma nikila, inaniuma nikiwa juu ya ngazi na upepo unanipiga, mahali ambapo mtu anatakiwa kufikiria mikono yake.

Nimeikwangua ile rangi. Usiniandikie kwa muda.

Alwyn


London, 12 Desemba 1977

Kaka yangu mpendwa Alwyn,

Shikamoo, na salamu za baridi na za upendo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, nchi kavu, karibu na moto. Mimi sijambo. Nimepata mchumba, anaitwa Philippa, anapiga filimbi kwenye bendi ya shule anayofundisha, utampenda. Mama anafuma soksi zako na hataki kuambiwa kwamba hatuandikiani. Nimemwambia upo baharini. Nimekaa kimya miezi sita kwa sababu ulinitaka hivyo, na kila wiki nilikuwa na la kukuambia.

Utakuwa umesikia. Thornfallow wamevunjika. Nilipopata habari nilikwenda chooni ofisini nikajifungia nikalia, kaka, mimi mwenye kusonya! Nimerudi nyumbani nikaziweka sahani zao zote, kuanzia ya kwanza, na ulikuwa umesema kweli juu ya yule mpiga ngoma, ile saba na nne. Sikuwahi kuisikia vizuri mpaka wiki hii. Niliinua kichwa nikuambie nikakuta ukuta.

Nilikukosea. Nimeisoma barua yako mara nyingi na hakuna neno ninaloweza kulipinga. Mama Mkubwa alinilea, na mimi nikamfuta ili watu wacheke. Nilipata jina kwa makala ile, ndiyo maana inanichoma, maana watu bado wananisifia. Nisamehe kaka. Niambie nifanye nini nitafanya.

Kuna jambo moja naomba ulifikirie kwa utulivu. Gazeti wamenipa kurasa mbili nzima niwaage Thornfallow, na safari hii mhariri hanigusi. Nataka nirekebishe, niandike ukweli wote, pamoja na Mama Mkubwa, kwa heshima. Kila mtu aliyesoma ile ya kwanza ataisoma hii. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma yako siku ile, sikuuona uso wako. Ungeniandikia japo ukurasa mmoja, ilikuwaje hasa ulipoanza kulia? Ulikuwa unafikiria nini? Ulimwona mama yako? Kwa maneno yako mwenyewe, yale ya kawaida, usiyapambe. Nayahitaji kabla ya tarehe kumi na tano Januari.

Mdogo wako akupendaye,
Lionel


Aberdeen, 9 Januari 1978

Lionel,

Barua yako imenifikia. Natumaini wewe ni mzima, na mchumba wako Philippa ni mzima pia. Nawapa hongera.

Mimi ni mzima. Theluji imeanguka tangu Ijumaa na helikopta haziruki, kwa hiyo tupo tu. Wenzangu wote hawajambo. Mwambie Mama Mdogo soksi nimezipata, zinanitosha, na nitampigia simu Jumamosi.

Huku hakuna jipya la kuandikwa.

Alwyn Tranter