Saa Ulizokuwa Angani

S.L.P. 214,
Ufukoni, Mtwara.
14 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Mohammedtaqi,

Assalaam alaikum. U mzima? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi tunashukuru. Presha ya Mama imeshuka, ingawa hali kitu mpaka nikae naye. Duka la Mikindani tumelifungua tena wiki iliyopita.

Barua hii nampa Farida, binti wa jirani yetu, anayekuja huko Toronto kusoma. Tangu ulipoondoka bila kuniaga hupokei simu zangu, wala sikulaumu. Ulinipigia kutoka Dar ukilia, ukaomba maziko yangoje hadi kesho yake, ndege ya asubuhi ikulete Mtwara. Tukamzika Baba alasiri ileile. Najua unawalaumu wazee wa msikiti. Wao walikubali kungoja, Taqi. Mimi ndiye niliyekataa.

Siku uliyopanda ndege, Baba alitaka nimweleze njia yako yote. Nikamwambia ni kilomita kama elfu kumi na tatu: saa kumi na tatu angani hadi Addis Ababa, kungoja pale, saa tatu nyingine hadi Dar, ulale, ndipo saa moja hadi kwetu. Akahesabu kwa vidole vyake vilivyovimba. Alipomaliza akasema, "Tanzila, sitamuwahi. Nikifa nizikeni siku hiyohiyo. Sitaki mwanangu avuke dunia nzima kuja kutazama uso usiomtambua." Akaniapisha.

Ijumaa asubuhi pumzi zilikuwa za kuhesabu. Akauliza umefika wapi. Ulikuwa bado Addis Ababa, lakini nilimwambia uko Dar, imebaki saa moja tu. Akataka avalishwe kanzu safi. Mama akamchana ndevu. Ilipofika saa tano akakata roho, macho yake mlangoni.

Kwa hiyo siku hiyo moja nilimdanganya Baba na nikakunyima wewe maziko yake.

Pale kaburini uliponiuliza mbele ya watu, "Hata siku moja, Dada?" nilikificha kile kiapo. Niliogopa utadhani Baba hakukutaka. Alikutaka mno. Jina lako alilitaja kuliko la Mama, na Mama mwenyewe alikuwa akimwitikia kwa niaba yako.

Haya sikumwambia mtu mwingine. Ukishasoma, nipigie, hata kama ni kunigombeza. Nitasikiliza mpaka umalize.

Mama anakusalimu, na shangazi Khairunisa, na Mussa wa dukani ambaye kila siku huuliza habari zako. Wabusu watoto. Mungu akupe subira, akutunzie nyumba yako huko ugenini.

Ni mimi dada yako, ambaye hajaacha kukupenda,
Tanzila