Wimbo Anaoukosea Njenga

Jumapili, 21 Septemba 2025

Jana karaoke tena, Bankstown. Gakii ana shifti hospitali, basi mimi dada mkubwa ndiye wa kumsindikiza mchumba wake. "Nenda naye tu, Nkatha. Peke yake ataonekana kichaa." Kwani nikiwepo haonekani?

Njenga anaimba nyimbo za Mjapani mmoja tu. Mwanamke anayejitungia mwenyewe, kinanda na machozi. Mashine inaonyesha kumi zake zinazopendwa zaidi, naye anazimaliza zote, wa kumi hadi wa kwanza, kama anameza dozi. Kijapani hajui. Anafuata herufi za Kizungu kwenye skrini, macho yamemtoka. Mhasibu mzima, mtu wa Nyeri! Mashine ikampa sabini na moja kwa mia. Ilimwonea huruma.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimetafuta maana ya ule wimbo wa kwanza, nipate la kumcheka. Mwanamke yuko stesheni. Mvua. Anasema yeye hamngojei mtu, na treni zinampita. Basi. Dakika tano nzima za mtu kukosa treni! Nimeusikiliza mara tatu kutafuta uzuri wake. Hamna.

Jumapili, 28 Septemba

Kuna mahali kabla ya kiitikio cha mwisho muziki unanyamaza. Njenga huingia mapema kila mara, kama anayesema amina kabla sala haijaisha. Jana nilichoka, nikamvumia ile nota ya kuingilia. Akaingia sawasawa. Themanini na nane! Akaniangalia kama nimemfufua. "Shem, kumbe uko na sikio." Nikamwambia nina kichwa kinachouma.

Gakii aliporudi kutoka kazini nilimwambia aende naye hata siku moja. Akacheka. Hajawahi kuusikia hata mmoja wa nyimbo hizo, na hana haja. "Aki, hiyo ni yenu wawili." Yetu tangu lini?

Jumatano, 8 Oktoba

Ruracio, sherehe ya mahari, ni Jumamosi, nyumbani kwa Anko Muriuki, Quakers Hill. Watatufunika leso wanawake watano, kichwa hadi miguu, Njenga amtafute mchumba wake. Akikosea atatozwa mbuzi — mbuzi, huku ughaibuni Quakers Hill! — na mashangazi watapata la kusema mpaka Krismasi.

Gakii hacheki. Amekataa kumpa ishara yoyote, hata kukohoa. Anasema kama anamjua, atamjua. Halafu, kwa sauti ndogo, kwamba akikosea hatavaa pete yake tena. Nikamwambia ule ni mchezo tu. Akasema kwake si mchezo.

Na mimi wamenipanga kwenye mstari. Dada mkubwa asiyeolewa, nafaa kujaza nafasi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika kwenye simu, chooni kwa Anko Muriuki. Nimejifungia.

Chini ya leso palikuwa na joto, harufu ya kitambaa kipya. Nikasikia viatu vyake. Anapita mbele yetu huku anavuma — ule wa stesheni, mjinga yule, mbele ya wazee! Watu wakacheka. Gakii alikuwa wa pili. Akampita. Mimi wa nne. Akasimama.

Akafika pale muziki unaponyamaza, akanyamaza. Safari hii hakuingia mapema. Alingoja.

Nikavuma. Nota moja tu. Ni koo, si mimi.

"Ni huyu," akasema, akanishika mkono.

Vigelegele. Leso ikavutwa. Vigelegele vikakatika. Shangazi mmoja akaitisha mbuzi wake, watu wakacheka tena ili mambo yapite. Njenga hakucheka. Wala hakushtuka, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtu aliyekosea angeshtuka. Na mkono wangu alichelewa kuuachia.

Gakii alijifunua mwenyewe. Akaikunja leso yake vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka kwenye kiti. Mimi nikakimbilia huku.

Sasa Gakii yuko nje ya mlango. Hapigi kelele. Anauliza ule ulikuwa wimbo gani.

Nimemwambia siujui.

"Nkatha. Unasema nini, huo wimbo?"

Upuuzi mtupu, nimemwambia. Mtu yuko stesheni, treni zinapita, anasema hamngojei mtu.

Nasikia pete yake inagonga kitasa.

"Kama hamngojei mtu," anauliza, "mbona haondoki?"